Mjane wa Cartagena Anapiga Mluzi Mkuyuni

Kuna ndege anayepita juu ya Mkuyuni usiku, na wengi wetu wa upande huu wa Mwanza tumemsikia bila kumjua. Anatoa sauti tatu zinazofuatana, nyembamba na safi, ya mwisho ikishuka: swii-swii-swiu. Mwenzake anajibu, kisha kundi zima linajibu, kisha kimya. Mtoto akiuliza ni nini anaambiwa ni ndege tu, lala. Akikomaa kuuliza anaambiwa ni bata mwitu, na mazungumzo yanaishia hapo, kwa sababu katika Kiswahili chetu cha mjini "bata mwitu" ni jibu la kila chenye mdomo bapa kinachoelea ziwani.

Vitabu vya sayansi vinamwita Dendrocygna viduata. Hilo neno la pili linatokana na ujane. Alipewa mwaka 1766 na Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyejitwika kazi ya kuvipa viumbe vyote vya dunia majina ya Kilatini. Ndege ana uso mweupe, na nyuma ya kichwa na shingo ni mweusi ti, kama mama wa Kizungu aliyejitanda kitambaa cha msiba. Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika, wala Amerika. Habari za ndege huyu zilimfikia kutoka maziwa ya Cartagena, katika pwani ya nchi tunayoiita leo Colombia. Na ndege ni yuleyule! Anaishi Amerika ya Kusini, anaishi Afrika, anaishi hadi Madagaska. Kwa hiyo bata anayepita juu ya bati za Mkuyuni usiku ana jina alilopewa kwa ajili ya nguo zake, na mtu ambaye hakumsikia, kwa habari za ng'ambo ya Atlantiki.

Sasa, kule Amerika ya Kusini wanaoishi naye wanamwitaje? Wabrazili wanamwita irerê. Waargentina wanamwita sirirí. Yatamke hayo kwa sauti, polepole, halafu uyalinganishe na ule mluzi wa usiku. Waliolala karibu naye walimpa jina kwa kumsikiliza, na aliyeletewa habari zake akampa kwa kuangalia rangi. Nimekuwa nikiifuatilia tofauti hiyo kwa muda sasa, na naona ndani yake kuna historia nzima ya jinsi ziwa letu lilivyoandikwa vitabuni.

Nianze na neno lenyewe. "Bata" tumelipata kutoka Kiarabu, na pwani wakalitumia kuzaa mengine: bata mzinga, bata bukini. Bukini ni jina la zamani la Madagaska katika Kiswahili, kwa hiyo bata bukini ni kama kusema bata wa Madagaska. Hayo ni majina ya watu wa majahazi, wanaotaja vitu kwa bandari vilikotoka. (Huyu mjane wetu anaishi Madagaska kweli, kwa hiyo kama kuna anayestahili kuitwa bukini kwa haki basi ni yeye, lakini jina limeshachukuliwa.)

Halafu kuna bata tunayemfuga. Yule mzito, mwenye nyama nyekundu zenye vinundu usoni, anayetembea uani akiyumba kama mlevi mstaarabu, tunamwita bata wa kienyeji. Kumbe kwao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Alifugwa na watu wa huko kabla Wazungu hawajafika, kisha akasafirishwa duniani na mabaharia. Na jambo ambalo kila aliyemfuga analijua, ila hajakaa akalifikiria, ni kwamba bata huyu halii "kwak". Dume anapumua kwa nguvu kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, na jike anatoa sauti ndogo ya kubembeleza. Ile "kwak kwak" ya vitabu vya chekechea imetoka kwa bata wa Ulaya na Asia, na tumewafundisha watoto wetu kuiga sauti ya ndege ambaye wengi hawana uani.

Ziwani, hata hivyo, yuko mmoja anayesema kwak kwelikweli. Ana mdomo wa manjano kama ndizi iliyoiva na mstari mweusi katikati, manyoya ya kijivu yenye mawimbi, na anapenda maji ya kina kifupi yenye nyasi pembeni. Na anayepiga hiyo kelele ni jike. Dume la jamii hii lina sauti ndogo ya kukwaruza, karibu ya kunong'ona. Kwenye koromeo la madume ya bata wengi kuna kijisanduku cha mfupa, upande wa kushoto, ambacho majike hawana, ndiyo maana mume na mke wanaweza kusikika kama ndege wawili tofauti. Kwa hiyo anayetaka kuwatambua bata kwa masikio ajifunze sauti mbili kwa kila aina, si moja.

Turudi kwenye historia. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alisimama kwenye kilima hapa Mwanza akaliona ziwa ambalo wafanyabiashara wa pwani walikwishamwambia habari zake kwa jina la bahari ya Ukerewe. Alikuwa amemwacha Burton mgonjwa kule Kazeh, karibu na Tabora ya sasa. Speke alikuwa afisa wa jeshi na mwindaji, mtu wa bunduki kabla ya kuwa mtu wa kalamu. Mkalimani wake mkuu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani hadi India, akarudi Afrika akiwa na Kihindustani. Speke na Bombay walizungumza kwa Kihindustani, tena cha kuungaunga.

Hebu fikiria swali dogo likipita kwenye mnyororo huo. Mzungu anamwonyesha ndege kwenye matete na kuuliza anaitwaje. Bombay analigeuza kuwa Kiswahili. Mtu wa msafara anayejua kidogo lugha ya wenyeji analigeuza tena. Mvuvi anatoa jina, pengine anaongeza na neno la maana zaidi: huyu analia hivi, anakaa pale, ukimwona ujue mvua iko karibu. Jibu linarudi kwa njia ileile, na kila kituo kinabakiza kidogo. Likimfikia Speke limebaki "bata". Sidai kwamba tukio hili liliandikwa mahali. Nasema tu kwamba kwa mfumo ule wa ukalimani, kitu cha kwanza kudondoka njiani lazima kilikuwa sauti, maana sauti haitafsiriki, inaigwa, na kuiga kunataka uso kwa uso.

Baada ya Speke walikuja wakusanyaji hasa. Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani, alipita mashariki na kusini mwa ziwa mwaka 1885 na 1886. Yule kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, ambaye watu wa Mwanza tunamwona kwenye miti ya mitaani, ana jina la Fischer mpaka leo. Alipewa mwaka 1887 na Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin, mwaka mmoja baada ya Fischer kufa. Emin Pasha naye alipita kusini mwa ziwa mwaka 1890 kabla ya kuanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na huyo alikuwa na uraibu wa ndege usio wa kawaida: vita viko huku na huku, yeye anachuna ngozi na kuandika vipimo.

Kazi yao ilikuwa hivi. Ndege anapigwa risasi. Anachunwa, nyama inatolewa, ngozi inapakwa sumu ya kuzuia wadudu, ndani inajazwa pamba, miguu inafungwa karatasi yenye tarehe na mahali. Kisha sanduku, wapagazi, Bagamoyo, meli, Berlin. Huko bwana mwenye miwani anafungua droo na kuandika kwamba mdomo una urefu kadhaa na bawa lina urefu kadhaa. Mimi siwadharau watu hawa. Bila droo zao tusingejua nani alikuwa anaishi wapi miaka 130 iliyopita. Lakini ngozi hailii, na karatasi ya mguuni haina nafasi ya kuandika mluzi. Ndiyo maana ukisoma majina ya bata wa ziwa letu unasoma nguo tupu: mwenye mgongo mweupe, mwenye mgongo mweusi, mwenye rangi mbili, mwenye mawimbi. Ni daftari la fundi cherehani.

Moja kati ya majina hayo ni baya zaidi. Kuna bata mdogo sana, mwenye mdomo wa buluu, anayejificha kwenye mafunjo na kutoa sauti ya kutatarika kama mtu anayekaza parafujo kwa spana ya meno. Mwaka 1838 Thomas Eyton, Mwingereza, alimwita hottentota, kwa neno la kejeli ambalo walowezi wa Afrika Kusini waliwaitia Wakhoikhoi. Neno hilo la dharau nalo, wanasema wengi, lilikuwa la kuigiza jinsi lugha ya Wakhoikhoi ilivyosikika masikioni mwa Waholanzi. Yaani watu walipewa jina la kudhihaki sauti yao, halafu bata akapewa jina la watu. Miaka ya karibuni orodha kadhaa za kimataifa zimeliacha neno hilo kwa Kiingereza na kumwita kwa mdomo wake wa buluu. Kwa Kilatini limebaki palepale.

Sasa niwaeleze nilikojifunza mimi, maana si vitabuni.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, basi watu wanapumzika, wanashona nyavu. Giza likirudi mitumbwi inatoka, taa zinawashwa, na ukiwa juu kwenye mawe ya Mkuyuni unaona ziwa limegeuka mji wa pili. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka 30 amekutana na bata mara elfu na hajawaona hata nusu yake. Bata wa miluzi hula zaidi usiku na huruka usiku, wakiitana wasipoteane. Kwa mvuvi, bata ni sauti kwanza, umbo baadaye, kama atabahatika.

Mzee mmoja wa mwaloni, ambaye ameshaacha kwenda majini kwa sababu ya mgongo, ndiye alinipa darasa. Nilimkuta jioni amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Nikamwamkia, "Mwadila, mzee." Akaitikia, akaniuliza natafuta samaki au natafuta maneno. Nikasema maneno. Akacheka.

Yule wa sauti tatu alimwita mpiga filimbi, na akaniigia vizuri kiasi kwamba mbwa wa jirani aliinua kichwa. Kisha akaniigia mwingine, wa sauti mbili, ya kukwaruza na yenye pumzi ndani yake, tsu-wii, kama filimbi ileile imeingiwa mate. "Huyu ni ndugu yake," akasema, "mwekundu kama udongo wa kichuguu. Wanatembea pamoja, lakini ukisikiliza hawachanganyiki." Vitabu vinakubaliana naye. Huyo wa pili, wa rangi ya kahawia inayong'aa, ni bata wa miluzi pia, na makundi yao huchanganyika kwenye maji. Naye amesambaa kuliko mwenzake: Amerika, Afrika na India, na popote ulipo sura ni ileile.

Nikamwuliza kuhusu yule mkubwa, mweusi wa kung'aa kijani, mwenye mwiba kwenye kiungo cha bawa. Huyo ndiye ndege wa maji mkubwa kuliko wote wa jamii ya bata barani Afrika. Dume anaweza kupita kilo sita. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko kana kwamba tunamzungumzia shemeji aliyeshindwa maisha. "Mwili wa ng'ombe," akasema, "sauti ya kifaranga." Na ni kweli. Anaporuka hutoa kijisauti chembamba cha kububujika ambacho huwezi kuamini kimetoka kwenye kifua kile. Mwanga ukiwa hafifu mgeni atamsikia akadhani ni ndege mdogo, kisha akaona kivuli cha mbuzi kinapita.

Kelele za kweli ni za yule wanayemwita bata wa Misri. Huyu hahitaji usiku. Jike anabweka na kupiga tarumbeta, dume anajibu kwa kufoka kama nyoka, na mume na mke wakigombana juu ya jiwe asubuhi wanaamsha ufuko mzima. Anapenda mahali peupe, mchanga, mawe, majani mafupi, apate kuona adui anatoka wapi. Hutaga popote: kwenye pango la jabali, kwenye shimo la mti, hata juu ya lile jumba la vijiti la fundichuma likiachwa wazi. Mawe ya Mwanza yanamfaa kuliko bata mwingine yeyote. Wamisri wa kale walimchora kwenye kuta zao. Waingereza walimpeleka kwao karne ya 17 apambe bustani za kifalme, na ndugu zetu walioko London wakipita Hyde Park leo wanamkuta amekaa kama mwenye mji. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulimwingiza kwenye orodha ya viumbe wavamizi. Mwafrika aliyepelekwa bila kuombwa ruhusa sasa anaambiwa amezidi.

Kilichonishangaza kwa mzee ni kwamba hakuna bata aliyemtaja kwa sauti peke yake. Kila mara alitaja na mahali. Yule mdogo kabisa, mwenye ubavu wa rangi ya chungwa na uso mweupe, anatoa kijimluzi laini, na ukikisikia usitazame popote isipokuwa kwenye yungiyungi, maana hapo ndipo anapokula, mbegu za yungiyungi ndizo ugali wake. Yule mwenye mgongo mweupe naye yuko kwenye yungiyungi, lakini amezama nusu, kichwa kikubwa, kama buli la chai linaloelea. Hukimbia hatari kwa kupiga mbizi wakati wenzake wanaruka. Mluzi wake ni wa sauti mbili, laini. Na yule dume mwenye kinundu cheusi juu ya mdomo ni karibu bubu, kwa hiyo masikio hayatakusaidia. Huyo mtafute kwenye madimbwi ya mvua na majaruba ya mpunga, na kwenye miti mikubwa yenye mashimo, kwa sababu huko ndiko anakotaga.

Ukimwondoa bata mahali pake, jina linabaki na nusu ya maana. Kwenye jaruba la Misungwi au Magu, mluzi wa sauti tatu ni habari mbaya, ni mbegu za mpunga zinaliwa, vijana amkeni na manati. Kwenye mtumbwi usiku ni faraja, ni wenzako wanaokesha. Ndege mmoja, sauti moja, na mwenye shamba na mwenye wavu hawasikii kitu kilekile.

Wazungu nao walikuja kuigundua sauti, ila walichelewa. Ludwig Koch, Mjerumani, alirekodi ndege kwa mara ya kwanza mwaka 1889 akiwa mtoto, kwa mashine ya mitungi ya nta, na ndege mwenyewe alikuwa wa kufugwa ndani ya tundu. Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo ilifanywa na Myles North, ofisa wa utawala wa kikoloni nchini Kenya, aliyebeba mitambo mizito porini baada ya saa za kazi. Santuri yake ya sauti za ndege wa Afrika ilitolewa na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1958. Tangu Speke apande kile kilima ilikuwa imepita miaka 100 kamili.

Vitabu vya kubeba mkononi vikafuata. Kile cha John Williams mwaka 1963, kile kikubwa cha Zimmerman na wenzake kuhusu Kenya na kaskazini mwa Tanzania mwaka 1996, kile cha Stevenson na Fanshawe mwaka 2002. Vinajitahidi kuandika sauti, lakini vinaziandika kwa herufi za Kiingereza, lugha ambayo herufi zake hazikubaliani hata zenyewe kwa zenyewe. Msomaji wa Kiswahili akiisoma sauti ile kama ilivyoandikwa anapata ndege ambaye hayupo duniani. Na hapa nitasema kitu cha kujivuna kidogo: Kiswahili kingeifanya kazi hii vizuri zaidi. Irabu zetu tano hazibadiliki, tunatamka tulichoandika, na tuna jeshi zima la maneno ya kuigiza sauti, chubwi, tatata, kwi kwi kwi, ambayo walimu wa insha walitukataza shuleni eti si lugha ya kitaaluma. Mwenye kamusi ya kuandika na aanze nayo hapo. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vilimwita mjane wetu bata wa miti, ingawa huyu hapendi sana kutua mitini. Walipobadilisha wakamwita bata wa miluzi, walikuwa wamefika, baada ya safari ndefu, pale alipokuwa mzee wa mwaloni.

Ziwa lenyewe halikukaa likisubiri. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilianza kulijaza, na kufikia 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Mafunjo yaliyokuwa ufukweni yakazama au yakang'oka yakawa visiwa vinavyotembea. Mwaka 2020 yakapanda tena karibu na kiwango kile. Katikati ya hayo, mwishoni mwa miaka ya 1980, likaingia gugu maji, mmea mwingine wa Amerika ya Kusini, wenye maua mazuri na roho mbaya. Miaka ya 1990 ghuba za Mwanza zilikuwa zulia la kijani, mitumbwi haipiti. Wadudu walioletwa kulila, pamoja na mawimbi na hali ya hewa, vililipunguza, lakini halijaondoka. Zulia lile likifunga maji, yungiyungi linakosa mwanga. Na yungiyungi likiondoka, yule mdogo wa kijimluzi laini anaondoka nalo. Hakuna anayetangaza. Hakuna mzoga. Sauti moja tu imepungua kwenye asubuhi, na aliyekuwa anaijua ana miaka 70.

Mkuyuni yenyewe imepata jina kwa mti, mkuyu, mti wa kando ya maji. Leo upande wetu wa ghuba una reli, bandari ya kusini, maghala, viwanda, gereji na nyumba zilizopandiana juu ya mawe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukitembea kutoka Igogo hadi Butimba ukiwa na kamba ya kupimia utaona mwenyewe. Sitaki kuwalaumu wanaolima mchicha na matembele pale chini, hao wanakula kwa jasho, na bustani ya mchicha ina maji na majani, bata anaweza kuvumiliana nayo. Kinachoua ni kifusi. Kila lori moja la kifusi linalomwagwa kwenye matete linaziba mahali ambapo bata alikuwa anajificha wakati hana mabawa. Ndiyo, hana mabawa: jamii kubwa ya bata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, na kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka kabisa. Wakati huo matete kwao ni kama nyumba kwa mama aliyejifungua.

Kila Novemba wanafika wageni. Mmoja wao ni bata mdogo kutoka Ulaya na Asia, dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho, na sauti yake ni ya mkwaruzo mkavu, kama kidole kinachopitishwa kwenye meno ya kitana. Jina lake la Kilatini, querquedula, linaaminika lilitokana na sauti hiyo, maana Warumi walikuwa naye jirani. Nimemsikia mara mbili, zote kwenye maji ya kina kifupi nje ya mji, na mara zote wasomi wawili niliokuwa nao walikuwa wanaangalia simu.

Simu nazo zimejifunza. Tangu 2018 kuna programu ambazo unazishikia juu, zinasikiliza, zinakupa jina la ndege. Nilimpelekea mzee moja. Tulikaa kwenye mtumbwi uleule, giza likaingia, na bahati nzuri kundi likapita. Simu ikafikiri, ikaandika jina la Kiingereza na picha ya mjane na uso wake mweupe. Mzee akaitazama picha kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili kama alivyoona wajukuu wanavyofanya.

"Kumbe ndivyo alivyo usoni," akasema.

Mjukuu wake, anayekwenda majini siku hizi, alikuwa pembeni anafunga betri za taa. Zamani walitumia karabai, na karabai ina mvumo, inakoroma usiku kucha, mvuvi alikuwa anawasikia bata vizuri pale tu alipoizima. Hizi taa mpya za betri ziko kimya kabisa. Nikamwuliza kijana kama sasa anawasikia zaidi kuliko babu yake. Akasema angewasikia, ila wanabeba spika, usingizi ni mbaya majini. Halafu akanyamaza kidogo, akakunja midomo, akapiga mluzi wa sauti tatu, wa mwisho ukishuka, sawasawa kabisa.

"Huyo?" akauliza. "Huyo hata muziki ukiwa juu unamsikia."